Watoto wetu walipimwa, majibu yako wapi?

Mhariri,

Salaam kwako na wasomaji wako. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Muheza, Tanga, nipo madarasa ya chini tangu 2003, na sijawahi kuandika gazetini hata siku moja, lakini ile barua ya msomaji wenu kwamba elimu yetu itapona tukishagawa kishikwambi kwa kila mtoto imeninyima usingizi. Sina ugomvi na ndugu yangu huyo, inaonekana ana uchungu na watoto, ila nilitamani angekaa darasani kwangu japo asubuhi moja kabla ya kuandika.

Kishikwambi ninacho. Vile vya Sensa ya 2022, walimu tulivyokuja kugawiwa baadae, na mimi nilipata changu na nashukuru kwa kweli, kinanisaidia kutunza kumbukumbu na siku umeme ukikatika jioni kinanimulikia nasahihisha madaftari. Lakini hakijanisomeshea mtoto. Ngoja nikupe mfano. Mwaka jana mama mmoja aliniletea mtoto wake wa la tatu, akaniambia mwalimu huyu anasoma kitabu chote mpaka mwisho, nashangaa mtihani anapata sifuri. Nikampa kitabu, mtoto akasoma ukurasa mzima bila kukwama, na kidole anakisogeza vizuri tu. Nikakigeuza kitabu juu chini, nikamwambia haya endelea. Akaendelea! Yaani alikuwa anaimba, kila siku darasa zima linaitikia kwa pamoja na yeye kaushika ule wimbo wote mpaka na nukta zake. Nikaandika ubaoni KUKU, neno moja, akanitazama tu. Sasa mtoto kama huyo mpe kishikwambi, ataimba na kishikwambi.

Na hapa ndo penye jambo langu. Haya mambo ya nini kinamsaidia mtoto kusoma na nini ni hela ya bure hatuhitaji kubahatisha, kwa sababu yameshapimwa, na sio Ulaya huko, yamepimwa hapa hapa kwetu na majirani zetu, kwa watoto wetu, kwenye madarasa yenye madawati ya kubanana kama la kwangu. Mimi mwenyewe nimekuja kuyajua juzi juzi tu kupitia mwanangu anayesoma chuo, alinitumia zile ripoti kwa WhatsApp, Kiingereza kigumu kweli kweli, tukakaa naye likizo nzima mezani tunatafsiri, yeye anasoma mimi namwambia rudia hapo. Miaka yote hii nipo kazini, hakuna mtu aliyewahi kunifungulia hata ukurasa mmoja.

Chukua Busia, kule magharibi mwa Kenya. Miaka ya 90 watafiti waliamua kujaribu, shule nyingine zikapewa vitabu vya kiada, nyingine zikasubiri, alafu wakalinganisha. Kila mtu aliamini vitabu vitapandisha alama, hata mimi ningeapa. Matokeo yakaja kwamba kwa ujumla hakuna kilichopanda, waliofaidika ni wale watoto waliokuwa wanaongoza tangu mwanzo. Sababu yake ukiisikia unaona aibu kwa kutoiona mapema, vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi kule Kiingereza ni lugha ya tatu, kwa hiyo mtoto amepewa kitabu asichoweza kukisoma. Mmoja wa watafiti wale, Michael Kremer, mwaka 2019 alipata Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa kazi za namna hiyo za kupima kinachosaidia watu maskini. Nimewaza sana mwalimu wa Busia aliyehesabiwa watoto wake enzi zile, sijui kama na yeye aliambiwa majibu kabla hajastaafu.

Kisumu nako walipima hivyo vishikwambi vyenyewe. Shule zote zilizokuwa kwenye majaribio zilipata programu ya kusoma, mafunzo, vitabu na mwongozo wa mwalimu, alafu kundi moja wakawapa vishikwambi maafisa wanaotembelea walimu, kundi lingine wakawapa walimu wenyewe, na lingine watoto wakapewa vifaa vya kusomea vya elektroniki. Makundi yote yalifanya vizuri kuliko shule ambazo hazikupata kitu. Ila ukilinganisha yenyewe kwa yenyewe, wale wa vifaa hawakuwapita kwa maana wale wa programu ya kawaida isiyo na vifaa, na hiyo ya kawaida ni rahisi zaidi kwa pesa. Kwa hiyo kilichofundisha ni ile programu. Msomaji mwenzangu wa vishikwambi, hii ni yako, isome mara mbili.

Na Tanzania je, sisi tumekaa tu? Hapana. Mwaka 2013 na 2014 zilichukuliwa shule 350 kwenye wilaya 10 za nchi hii, ni ule utafiti wa KiuFunza wa shirika la Twaweza. Shule nyingine zikapelekewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, na ikafika kweli, sio ile ya kufika nusu. Shule nyingine walimu wa la kwanza hadi la tatu wakaahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu kila somo la kusoma na kuhesabu. Nyingine zikapata vyote viwili, na nyingine hazikupata kitu. Ruzuku peke yake haikupandisha ujifunzaji. Bonasi peke yake ikawa ya mashaka, unaona dalili huku, ukipima kwa mtihani mwingine huoni. Zilipoenda pamoja, watoto wakapanda wazi kabisa. Tena wakapanda kuliko ukizijumlisha zile mbili moja moja, na hapo ndo mwanangu alilazimika kunichorea kwenye karatasi maana mimi hesabu yangu ni moja jumlisha moja.

Sitaki mtu aelewe kwamba naomba bonasi (ingawa nikipewa sikatai, nani anakataa). Ninachoona mimi hapo ni kwamba kitu hakifundishi. Chaki, kitabu, hela, kishikwambi, vyote vinamngoja mtu ajue avifanyie nini, na kwa mtoto yupi.

Kwa mtoto yupi, hapo ndo penye utamu wenyewe.

Tangu elimu bila ada ianze 2016 darasa langu halijawahi kushuka chini ya watoto 80. Mwaka jana walikuwa 87, la pili. Mtaala unaniambia wiki hii wasome aya na wajibu maswali, andalio la somo naandika hivo hivo, lakini ndani ya hao 87 kuna anayesoma gazeti lako hili na kuna asiyejua m na n zinatofautiana wapi. Nikifundisha aya nafundisha labda theluthi, wengine wanaitikia tu wimbo. Watu wa Uwezo kuanzia 2010 walipita nyumba kwa nyumba na karatasi zao kupima watoto, herufi, silabi, maneno, aya, hadithi, wakasema wengi wa la tatu hawawezi kazi ya la pili, nakumbuka sisi walimu tulinuna sana, tukasema tunachafuliwa. Sasa hivi nikikumbuka naona ile karatasi ndo ilikuwa zawadi, sema ilikuja imefungwa kwenye lawama.

Mwaka jana mwezi wa tatu tuliamua, mimi na wenzangu wawili, wa la kwanza na wa la tatu. Kila mtoto alisoma mbele ya mwalimu, dakika tatu nne hivi, na wala haikuchukua siku moja, ilichukua karibu wiki mbili maana unapima huku unafundisha. Alafu tukawachanganya, saa moja kila siku baada ya uji, mtoto haendi darasa lake anaenda kundi lake. Wa herufi kwangu, wa silabi kwa mwenzangu, wa maneno na aya kwa mwingine chini ya mwembe. Majina ya vikundi tukayatoa kwenye matunda ya huku kwetu ili asionekane mjinga mtu, Machungwa, Mafenesi, Shokishoki. Haikusaidia sana hiyo, watoto sio wajinga, siku ya pili tu walishajua Mafenesi ni wale wasiojua herufi na wakaanza kutaniana. Kilichosaidia ni kwamba kila baada ya wiki mbili tunapima tena na mtoto anahama, wakiona mwenzao kahama wanajua kumbe ni kituo tu cha kusubiri basi.

Nilichokuwa sijui ni kwamba kule kule magharibi mwa Kenya lilishafanyika hili, shule 121 zilizoongezewa mwalimu wa la kwanza, zikagawanywa, nusu watoto waliwekwa mikondo kwa alama zao za mwanzo na nusu kwa bahati nasibu tu. Madarasa yalishuka toka wastani wa watoto 84 hadi 46, na ukidhani kupunguza watoto peke yake kutafanya muujiza utashangaa, kulisaidia kidogo mno. Walikopangwa kwa kiwango ndo walipanda, wa juu na wa chini wote, mpaka mwaka mmoja baada ya mradi kuisha bado walikuwa mbele. Mimi ningekuwa na wasiwasi kwamba wa chini watatupwa. Ila mwalimu akiwa na watoto wanaolingana anajua aanzie wapi, ndo siri yenyewe.

India nao kuna shirika linaitwa Pratham, hao ndo Uwezo iliiga kwao kile kipimo cha nyumba kwa nyumba. Wamejaribu hii ya makundi ya kiwango mara nyingi sana, na kuna mahali iliwashinda, walipowapa walimu mafunzo na vifaa tu bila kuwatengea muda kwenye ratiba, basi walimu wakarudi kwenye mtaala kama kawaida. Ilifanikiwa pale saa maalum ilipotengwa kila siku, au kambi za siku chache chache ambazo jumla yake ni siku 50. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, maana ndo kilichotukuta na sisi. Mwezi wa saba alikuja mkubwa mmoja kukagua, simtaji wala sitaji ofisi yake, akaniuliza mbona andalio linasema aya na wewe hapa unafundisha ba be bi bo bu kwa mtoto wa la tatu. Nikamweleza. Akasema mwalimu fuata mtaala. Tukaisogeza ile saa baada ya masomo, na baada ya masomo mtoto ana njaa, na wa kike anasubiriwa nyumbani achote maji, mahudhurio yakaporomoka. Hivyo ndo jambo lililopimwa likathibitika linavyokufa, kwa swali moja la mtu mwenye gari.

Kuna na hili la mwongozo wa mwalimu, hapa wenzangu watanikasirikia. Kenya tangu 2015 walikuwa na Tusome, la kwanza na la pili nchi nzima, kila mtoto kitabu chake, mwalimu ana mwongozo unaomwambia somo kwa somo aseme nini, na afisa anapita darasani kumsaidia. Nilipoisikia mara ya kwanza nilisema huo ni udhalilishaji, mwalimu wa cheti aandikiwe mpaka cha kusema? Lakini kabla ya kuipeleka nchi nzima walipima vipande vyake kimoja kimoja, mafunzo na kutembelewa peke yake, kisha wakaongeza vitabu, kisha wakaongeza mwongozo, na kile kifurushi kamili chenye mwongozo ndo kilitoa matokeo makubwa kuliko vyote kwa pesa iliyotumika. Bado moyoni sijaupenda, nasema ukweli. Ila namkumbuka mwalimu kijana aliyeletwa kwetu ajira mpya, kasomea masomo ya darasa la juu, akatupwa la kwanza na watoto 90, wiki mbili analia ofisini. Huyo ungempa mwongozo angekubusu mkono. Na hilo la kutembelewa ndo tumelikosa kabisa, mimi nikitembelewa najua mtu kaja kunikagua, sijawahi kutembelewa na mtu akakaa nyuma, akaona ninavyokosea kutamka sauti ya herufi (tulizoea kutaja jina la herufi, mtoto anasema "em-a" badala ya "ma"), akashika chaki akanionyesha, akaondoka, akarudi mwezi unaofuata kuona kama nimeacha.

Kidogo tu niseme na ya kukumbuka. Kwamba mtu husahau haraka, na akikumbushwa kwa vipindi hushika, mtu anaitwa Ebbinghaus alishayaandika Ujerumani mwaka 1885, akijipima mwenyewe. Sisi bado tunafundisha kuzidisha mwezi wa pili, tunafunga kitabu, tunaiuliza mwezi wa kumi na moja kwenye mtihani. Sasa hivi kila asubuhi nauliza maswali matano, ya jana, ya wiki jana, ya mwezi jana, hayana alama. Hayana gharama pia.

Wa awali nimewaacha mwisho na ndo wananiuma kuliko wote. Siku hizi mzazi anapima darasa la awali kwa daftari kujaa. Mtoto wa miaka mitano anaandika a mpaka z mistari kumi mpaka kidole kinaota sugu, anapewa homework, anafanya mtihani wa muhula, alafu Desemba anavalishwa joho na kofia, mama kaenda kukopa kwenye kikoba ili mtoto ahitimu chekechea. Ukimwambia mzazi huyu acheze, apange vifuniko vya soda, asimuliwe hadithi, ajibu kwa nini, anakwambia mwalimu sikumleta kucheza. Wakati pwani yetu hii hii, Mombasa, mwaka 1986 Bi Swafiya Said na wenzake walianza shule za awali za Madrasa kwa msaada wa Aga Khan Foundation, jamii yenyewe ndo inaendesha, akina mama wa mtaani wanafundishwa kuwa walimu, vifaa ni vifuu, mbegu, vipande vya mbao, nyimbo na hadithi za Kiswahili pamoja na mafunzo ya dini. Ikaenda Zanzibar mwaka 1990, ikaenda na Uganda. Watoto wake walipopimwa walikutwa wamepiga hatua kiakili kuliko wa shule nyingine za awali, na hao wa nyingine nao kuliko waliobaki nyumbani. Kwa hiyo mtu asiniambie kufundisha kwa michezo ni mambo ya wazungu. Ni ya Mombasa.

Najua kuna mtu atasema huyu mama kaokota tafiti anataka tuzimeze. Hapana, ningekuwa mjinga. Tena Kenya hiyo hiyo kuna ile programu ya kuongezea shule walimu wa mkataba, ilipoendeshwa na shirika watoto walipanda, ilipoendeshwa na serikali kwa mfumo wake, mishahara inachelewa na usimamizi hafifu, haikupandisha chochote. Jambo moja, watoto wa aina moja, matokeo mawili. Ndo maana nasema walimu tuonyeshwe, tubishane nazo, tuseme hii kwa Muheza itakwama hapa kwa sababu ya msimu wa machungwa, watoto wanaenda kuchuma, hii itapita. Nani anayajua hayo kama sio sisi?

Miaka kadhaa iliyopita walikuja vijana na gari shuleni kwetu, wakapima watoto wa la pili siku mbili, wapole, wameleta na biskuti. Nikawauliza majibu tutayapata lini, wakasema mtaletewa. Hawakuletwa mpaka leo, na wale watoto sasa wana ndevu. Ombi langu kwa wanaohusika ni dogo, kila utafiti unaofanyika kwenye shule zetu uache karatasi moja ya Kiswahili cha kawaida, tulichofanya, tulichokuta, nini usifanye, ipite kwa afisa elimu kata, ibandikwe ofisini pembeni ya ratiba. Tena sasa tuna hizi siku za MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, walimu tunakaa pamoja kujifunza, na mara nyingi tunabaki kusomeana waraka wa namna ya kujaza fomu. Tupeni hizo karatasi tuzisome siku hiyo.

Na nyie Mhariri msijitoe. Matokeo ya mitihani yakitoka mnatupa kurasa nne, nani kaongoza, mkoa gani umeburuza mkia. Tupeni robo ukurasa kwa wiki mtueleze utafiti mmoja, na mkikosa mtu wa kutafsiri mwanangu yupo anatafuta kazi. Karatasi zangu za vikundi pia ninazo zote, tangu ule mwezi wa tatu mpaka tulipokatishwa, nani alianza Mafenesi na nani alifika Shokishoki. Nikiwaletea ntafuta majina ya watoto kwanza.

Mwalimu wa madarasa ya chini,
Muheza, Tanga